Kuandika Habari za Dini: Funzo Kutoka Juba

Mwandishi chipukizi wa habari za dini hana budi kujua kwanza nani ni nani. Tarehe 3 Februari, 2023, mjini Juba, Papa Francis hakuanza ziara yake peke yake. Alikuwa pamoja na Askofu Mkuu Justin Welby wa Waanglikana na Mchungaji Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland, ambalo ni la Kipresbiteri. Walikuja kuhimiza mapatano ya amani ya mwaka 2018. Aliyeandika tu kwamba Papa amewasili alisema kweli, lakini aliwasahau waumini wengi wa nchi ile.

Jambo la pili ni hesabu. Katika misa ya tarehe 5, penye kaburi la John Garang, Vatikani ilitaja watu 100,000, ikinukuu mamlaka za huko. Mwandishi na amtaje aliyehesabu.

Ndugu msomaji, askari aliye lindoni na mkewe nyumbani huenda wakasali makanisa mbalimbali. Penye silaha nyingi, neno moja la dharau laweza kumwaga damu. Kwa hiyo mwandishi aulize kabla ya kuandika; kuuliza si ujinga.