Nyoka Aonyaye Kabla ya Kuuma



Wako ndugu zetu wasemao Kiswahili ambao leo makazi yao ni katika jimbo la Arizona, huko Marekani, wengi wao wakiwa wametoka Kongo kwa sababu ya vita. Mji mkubwa wa jimbo hilo, Phoenix, umezungukwa na jangwa na vilima vya mawe, na siku za mapumziko watu huwachukua watoto wao wakavipanda vilima hivyo kwa miguu. Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu wao kwanza, kisha yanatuhusu sisi sote tupitao maguguni.

Katika vilima hivyo yuko nyoka ambaye bara letu la Afrika halina. Mkiani mwake mna pete ngumu, za kitu kile kile kilichofanya kucha zetu, zilizoshikana kwa kulegea. Kila ajivuapo gamba huongezeka pete moja. Husemwa kuwa mwenye kuzihesabu pete hizo atajua umri wa nyoka. Neno hilo si kweli, kwani hujivua gamba zaidi ya mara moja kwa mwaka, na pete nazo hukatika. Atikisapo mkia, pete hugongana, ikatoka sauti kama ya kayamba lichezwalo kwa kasi kubwa. Arizona peke yake ina aina 13 za nyoka hao.

Yatupasa kuifahamu maana ya sauti hiyo. Nyoka huyu hamwindi mtu, wala hana kinywa cha kummeza. Sumu yake ndiyo riziki yake; kwayo hupata panya na sungura, na kuimwaga katika mguu wa mpita njia ni hasara kwake. Basi hupiga njuga ili asikanyagwe. Mwaka 2021 wataalamu walionyesha kuwa mtu akizidi kumkaribia, mlio hupanda polepole kisha hubadilika ghafla ukawa wa kasi zaidi, hata msikilizaji hudhani nyoka yu karibu kuliko alivyo kweli. Ni kana kwamba amwambia: umekwisha fika, rudi.

Lakini tusijiaminishe kwa masikio. Wengi wao hunyamaza wakiitumainia rangi yao inayofanana na mchanga, na mtoto mchanga wa nyoka huyu ana pete moja tu, hawezi kulia, ilhali sumu anayo tangu kuzaliwa.

Sasa mtu ameisikia sauti hiyo. Afanyeje? Jambo la kwanza ni kusimama. Moyo humwambia aruke, na huenda akarukia pale pale alipo nyoka. Asimame, atazame mpaka amwone. Akiisha kumwona, arudi nyuma taratibu na kumweka mtoto nyuma yake. Kwa kawaida nyoka huyu akishambulia hafikii zaidi ya nusu ya urefu wa mwili wake, na wengi wao urefu wao ni kama mita moja. Kwa hiyo hatua chache za kurudi zinatosha kumtoa mtu katika hatari, ila usalama wa hakika ni kuzidisha. Akae mbali angoje, au azunguke kwa upana, na njia ikiwa nyembamba arejee alikotoka. Kupoteza matembezi ya siku moja si msiba.

Hapa ndipo penye mjadala. Mtu mwenye fimbo mkononi atasema: nikimwacha, atamuuma ajaye nyuma yangu, na dhambi itakuwa yangu. Hoja hii si ya kipuuzi, nasi hatuidharau, kwa kuwa imetoka katika kuwahurumia wenzake. Ila na aitafakari. Ili ampige, hana budi kuingia tena ndani ya mita ile aliyokwisha kutoka, na miongoni mwa waumwao wamo wengi waliotaka kumshika au kumwua. Hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda: mwaka 2018, huko Texas, mtu aliyekwisha mkata nyoka huyu kichwa aliumwa alipokiokota akitupe, akanusurika kwa dawa nyingi. Tena katika hifadhi za taifa za Marekani sheria yakataza kuua wanyama. Haki ya wajao nyuma hutimizwa kwa ulimi: waambiwe yupo wapi. Akiwa uani mwa nyumba wachezapo watoto, hilo ni jambo jingine. Watoto waingizwe ndani, na waitwe wenye zana na ujuzi wa kumwondoa.

Ikiwa ameuma, basi mtu ajitenge na nyoka, avue pete, saa na bangili kabla mkono haujavimba, akitulize kiungo, apelekwe hospitali upesi. Asichanje, asifyonze, asifunge kamba ya kukaza, asiweke barafu. Wala watu wasimwandame nyoka ili wamwonyeshe daktari. Katika Marekani watu kati ya 7,000 na 8,000 huumwa na nyoka wenye sumu kila mwaka, na wafao ni kama 5 tu. Si kwamba sumu ni nyepesi. Ni kwa kuwa dawa ipo na majeruhi huwahishwa.

Kwetu hali ni nyingine. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa duniani kote hufa watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wakulima na watoto wa mashamba. Bafe wetu, ambaye wengine humwita kifutu, hana njuga. Pengine huvuma kwa pumzi, na mara nyingi hulala kimya kando ya njia mpaka akanyagwe. Huyo masikio hayamfai mtu. Humfaa taa usiku na viatu vigumu. Na aliyeumwa asicheleweshwe kwa jiwe jeusi la kunyonya sumu, ambalo halinyonyi kitu. Saa ile inayopita jiwe likingojewa lianguke ndiyo saa ambayo gari lingekuwa limekwisha fika hospitali.