Shule ya Parokia: Ijue Kabla ya Kumpeleka Mtoto

Pengine kijijini kwenu, au kijiji cha jirani, kuna kanisa Katoliki la siku nyingi. Karibu na kanisa hilo ipo shule ya msingi ya zamani. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma na mabati yake yameshika kutu. Wazee wanasema, "Hii ni shule ya misheni." Lakini leo ni shule ya Serikali. Hatua chache kutoka hapo imejengwa shule nyingine, mpya. Ina uzio, ina gari la kubebea watoto, na asubuhi unawasikia wanaimba kwa Kiingereza. Hii ndiyo watu wanayoiita shule ya parokia.

Watu wengi wanazichanganya shule hizi mbili. Mzee mmoja atakuambia, "Baba yangu alibeba mawe ya kujenga shule ile. Mbona leo mjukuu wake anadaiwa ada?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo katika historia, kwa hiyo tuanze huko.

ZAMANI ZA MISHENI

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo. Walikaa na watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha kusoma, dini, kilimo na ufundi. Miaka 10 baadaye, mwaka 1878, mapadre wanaoitwa White Fathers walifika kusini mwa Ziwa Victoria. Tangu hapo, palipofika misheni palifika na shule. Mtu aliyetaka kubatizwa alifundishwa dini, na kusoma kulimsaidia kuijua dini hiyo.

Vijijini, mbali na misheni, mwalimu alikuwa katekista. Alifundisha chini ya mti au katika banda la nyasi. Alijua kusoma, kuandika na kuhesabu kidogo, na hicho kidogo alikigawa. Baadaye wananchi walifyatua matofali, wakachota mchanga na maji, wakajenga madarasa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilitoa ruzuku kwa baadhi ya shule hizo, zile zilizofuata masharti yake.

Sasa tuseme kweli. Shule hizo zilileta elimu, lakini zilileta na shida. Wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao, wasije wakabatizwa. Penye shule ya dini moja tu, mtoto wa dini nyingine alikosa nafasi, au aliipata kwa masharti. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, watoto wa dini fulani walikuwa wamesoma zaidi kuliko wenzao. Jambo hilo lingeweza kuligawa taifa.

Kwa sababu hiyo ilitungwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Kuanzia mwaka 1970 Serikali ilizichukua shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku. Walimu wakawa wa Serikali, na mlango ukafunguliwa kwa watoto wa dini zote. Kwa mfano, St. Francis College ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha mpaka mwaka 1955, ikawa Shule ya Sekondari Pugu. Kanisa lilibaki na seminari zake, yaani shule za vijana wanaojiandaa kuwa mapadre.

Kwa hiyo lile jengo la mawe ya baba yako halikuibiwa na paroko. Lilichukuliwa na taifa, na wajukuu wa kijiji kizima, wa kila dini, wanasoma humo. Tangu mwaka 2002 shule za msingi za Serikali hazidai ada. Jasho la mzee bado linafanya kazi.

Na hii shule mpya je? Mwaka 1992 Serikali na makanisa ya Kikristo walitia sahihi makubaliano juu ya huduma za jamii. Mwaka 1995 ikatoka Sera ya Elimu na Mafunzo, ambayo ilifungua njia kwa mashirika na watu binafsi kujenga shule, hata za msingi. Ndipo parokia zikaanza kujenga upya. Shule hizi ni shule binafsi, na hapo ndipo ada inapotoka.

JINA LA MTAKATIFU SI HATI

Wengine wakiona langoni pameandikwa "St." wanafikiri kuwa hiyo ni shule ya Kanisa. Angalieni sana. Wapo wafanyabiashara wanaozipa shule zao majina ya watakatifu kwa sababu jina hilo linavuta wazazi. Si kosa kumpenda mtakatifu, lakini si sawa mzazi kudhani shule ina askofu nyuma yake, kumbe haina.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinasema wazi kwamba shule haiwezi kujiita Katoliki bila kibali cha mamlaka ya Kanisa. Askofu ana haki ya kuitembelea na kuangalia yanayofundishwa. Shule ya parokia huwa chini ya jimbo, na paroko ndiye mlezi wake hapo mahali. Mara nyingi mwalimu mkuu ni sista. Ukitaka kuhakikisha, kamuulize paroko. Hiyo ni kazi ya dakika 5.

Lakini kibali cha askofu peke yake hakitoshi. Kila shule lazima isajiliwe na Serikali. Shule ya msingi iliyosajiliwa ina namba inayoanza na herufi EM. Inafuata mitaala ya nchi, watoto wake wanafanya mitihani ile ile ya taifa, na inatembelewa na wathibiti ubora wa shule, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi. Hakuna mtihani wa darasa la saba wa Kikatoliki.

MZAZI NDIYE MWALIMU WA KWANZA

Msingi wa mafundisho ya Kanisa juu ya shule uko katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965. Hapo maaskofu wa dunia nzima walisema kwamba mzazi ndiye mlezi wa kwanza na mkuu wa mtoto. Shule inamsaidia mzazi, haichukui nafasi yake.

Maneno haya yana uzito, hasa kwetu sisi tuliojifunza kusoma ukubwani. Baadhi yetu tukifika shuleni tunasimama mlangoni, kofia mkononi, kana kwamba tumekwenda kuomba msamaha. Mwalimu akisema, tunaitikia tu, "Ndiyo, mwalimu," "Ndiyo, sista." Lakini kwa mafundisho ya shule yenyewe, wewe ndiye mwenye kazi na mwalimu ni msaidizi wako. Una haki ya kuuliza mtoto amefundishwa nini, na nani, na kwa nini amepigwa au amerudishwa nyumbani. Haki hiyo ina wajibu wake pia. Shule itakuita mkutanoni, na mkulima huyo huyo anayelalamika juu ya ada ndiye mara nyingi haonekani.

Tamko hilo lilisema jambo jingine ambalo halisomwi sana. Lilisema Kanisa liwajali hasa maskini, watoto waliokosa malezi ya jamaa zao, na wale wasio na imani. Tutalirudia jambo hili tukifika kwenye ada.

SALA NA WATOTO WA DINI NYINGINE

Siku ya shule ya parokia huanza kwa sala mstarini. Katika shule nyingi saa 6 mchana wanasali sala ya Malaika wa Bwana. Siku moja ya wiki wanakwenda Misa. Mwezi wa Oktoba wanasali rozari. Lipo na somo la dini, na watoto Wakatoliki hutayarishwa kwa Komunyo ya kwanza.

Basi Mlutheri au Mwislamu anaweza kumpeleka mtoto wake? Anaweza, na wako wengi waliopeleka. Katiba yetu, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini. Kanisa nalo linafundisha kwamba mtu asilazimishwe kuamini. Lakini mtoto wako atasimama mstarini sala ikisaliwa, na ataona msalaba ukutani kila siku. Kama moyo wako haukubali hata hilo, ni afadhali kulijua mapema. Uliza kabla: Je, wakati wa Misa mtoto wangu atakaa wapi? Je, kwenye somo la dini atafundishwa na nani? Ijumaa je? Na chakula? Shule nzuri itakujibu bila kukasirika.

NIDHAMU NA JEMBE

Watu wanasifu shule hizi kwa nidhamu. Wanaona watoto wenye nguo safi, wanaosalimia, wanaofika saa 1 asubuhi bila kukimbizwa. Kanuni za shule nyingi zinafanana: usiibe, usiseme uongo, usionee mdogo, tunza mali ya shule, omba msamaha ukikosa. Lengo lao ni kwamba mtoto ajitawale hata kama mwalimu hayupo.

Kuhusu viboko, jimbo au shirika la masista linaweza kukataza kabisa fimbo katika shule yake. Pasipokatazwa, kanuni za Serikali za mwaka 2002 ndizo zinazotawala. Viboko visizidi 4. Atoe mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama hayupo. Adhabu iandikwe katika kitabu. Mwalimu anayetembea na fimbo darasani akipiga ovyo anavunja kanuni, hata kama amevaa msalaba shingoni.

Jambo moja linanisikitisha. Mwaka 1967 tulifundishwa Elimu ya Kujitegemea, na misheni za zamani nazo zilikuwa na shamba, useremala na ushonaji. Siku hizi zipo shule ambazo mtoto hashiki hata ufagio, maana mzazi aliyelipa hataki kusikia mwanawe amefagia. Huyo mtoto akirudi likizo kijijini anashindwa kuchota maji. Heri shule ambayo bado ina bustani ya mboga, na watoto wanaimwagilia wenyewe.

MADAFTARI YA KIINGEREZA

Shule ya Serikali inafundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo. Shule nyingi za parokia zinafundisha kwa Kiingereza masomo karibu yote. Wazazi wanapenda hivyo kwa sababu sekondari masomo ni kwa Kiingereza.

Hapa pana mtego. Wewe ulisoma kisomo kwa Kiswahili. Mtoto analeta daftari, unalitazama, huelewi neno. Utamsaidiaje? Zipo njia. Angalia tarehe, uone kama anaandika kila siku. Angalia kama mwalimu amesahihisha. Kisha mwambie, "Hebu nieleze kwa Kiswahili ulichojifunza leo." Mtoto aliyeelewa ataeleza. Aliyekariri kama kasuku atanyamaza au atarudia maneno yale yale. Ukiona ananyamaza wiki baada ya wiki, nenda kwa mwalimu, usingoje matokeo.

TUPIGE HESABU YA ADA

Shule binafsi haipati mishahara ya walimu kutoka Serikalini. Inalipa mwalimu, mpishi, mlinzi, chakula na mafuta ya gari. Fedha hizo hutoka kwa wazazi, na mara chache kwa wafadhili.

Chukua kalamu. Tuseme ada ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Chakula na gari ni shilingi 240,000. Jumla ni 840,000. Tuseme gunia la mahindi unaliuza shilingi 60,000. Gawanya: 840,000 kwa 60,000 ni magunia 14. Hapo hatujahesabu sare, viatu, sweta na madaftari. Na hayo ni ya mwaka mmoja tu, kwa mtoto mmoja; zidisha kwa miaka yote atakayosoma hapo. Weka bei za kwenu badala ya hizi, halafu mwonyeshe mwenzako nyumbani. Mazungumzo haya yafanyike kabla ya Januari, si siku mtoto amerudishwa.

Maana watoto wanarudishwa. Mtoto wa darasa la tatu anakuja analia, na mbele ya wenzake ameitwa mdaiwa. Ni aibu isiyomstahili, kwa sababu deni si lake. Tena anayeondolewa hivyo ni yule yule maskini ambaye tamko la mwaka 1965 linasema ajaliwe kwanza. Paroko atasema, na ni kweli, kwamba bila ada walimu hawalipwi. Lakini parokia nyingine zimetafuta njia: zinapokea mahindi na maharage badala ya fedha, zinagawa ada kwa miezi, zinachangisha sadaka siku moja ya mwaka kwa ajili ya yatima. Waumini wanaokaa katika halmashauri ya parokia wana nafasi ya kulisema hili. Wengi wao wanajua kusoma na kuandika leo, basi waliandike.

Usiuze shamba kwa ajili ya ada ya shule ya msingi. Shule ya Serikali ipo, na wametoka humo madaktari na mapadre pia.

FOMU NA MALALAMIKO

Ukikubaliwa, utapewa fomu. Isome yote kabla ya kutia sahihi, au soma pamoja na mtu. Tafuta mambo haya: ada inalipwa mara ngapi, je mtoto akihama fedha inarudi, je yupo anayekariri darasa kwa kukosa wastani wa shule, na sababu za kufukuzwa ni zipi. Lipa benki au ofisini, na udai risiti kila mara. Risiti zitunze mahali pasipo mchwa.

Jambo likiharibika, anza na mwalimu wa darasa, halafu mwalimu mkuu, halafu paroko. Bado? Jimbo lina ofisi ya elimu, andika barua huko, na nakala ibaki kwako. Jambo la sheria, kama kipigo au shule isiyosajiliwa, lipeleke kwa Afisa Elimu Kata au ofisi ya elimu ya wilaya. Wao wana mamlaka juu ya shule zote, za Serikali na za Kanisa.