Gari Refu Katika Njia ya Mawe

Wasikilizaji wetu, kila akaaye katika nchi ya milima aijua pikapu. Ndiyo ipandayo alfajiri kuchukua kabichi, viazi na ndizi vijijini. Na mtu akishikwa na maradhi usiku, ndiyo hiyo hiyo imchukuayo mpaka hospitali. Na mara nyingi njia yenyewe si barabara. Ni mkondo wa mawe uliochimbwa na mvua, mwembamba, wenye kona za ghafula, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande wa pili. Basi leo twataka kueleza kwa nini gari refu lapata taabu mahali ambapo gari fupi lapita, na ni kazi gani impasayo dereva pamoja na utingo wake ili gari lifike zima na watu wawe salama.

Neno la kwanza la kufahamu ni kwamba taabu ya gari refu haiko mbele. Dereva hukaa mbele na macho yake hutazama mbele; akiona magurudumu ya mbele yamepita, moyo wake hutulia. Walakini hatari iko nyuma ya kiti chake, mahali asipopaona: chini ya tumbo la gari, katika magurudumu ya nyuma, na mkiani.

Tupime jambo hili kwa mfano wa kweli. Huko Marekani, katika jimbo la California, iko njia mashuhuri iitwayo Rubicon Trail. Urefu wake ni maili 22 hivi, yaani kilometa 35, nayo yapita juu ya mawe magumu ya itale katika milima ya Sierra Nevada, hata kukaribia ziwa Tahoe. Mwaka wa 1953 ilifanywa huko safari kubwa ya kwanza ya Jeepers Jamboree, wakaenda watu 155 katika magari 55. Jeep ya zamani ilikuwa gari fupi. Ile iliyotumika vitani, Willys MB, ilikuwa na meta 2 na sentimeta 3 tu kutoka ekseli ya mbele mpaka ekseli ya nyuma. Katika miaka yetu wako watu waendao njia ile ile kwa pikapu ya Jeep Gladiator, ambayo masafa baina ya ekseli zake ni meta 3 na sentimeta 49. Mawe hayakusogea ili kuipisha.

Sasa tulinganishe pikapu hiyo na ndugu yake mfupi, Jeep Wrangler ya milango miwili, ambayo masafa baina ya ekseli zake ni meta 2 na sentimeta 46. Twachukua vipimo vya kiwanda vya mwaka 2020, vya magari yaliyotengenezwa makusudi kwa njia za mawe. Kwa kimo cha tumbo kutoka ardhini pikapu yamshinda mwenzake kidogo: sentimeta 28, na Wrangler sentimeta 27. Kwa pembe ya mbele, yaani ukali wa mwinuko ambao gari laweza kuuanza pasipo kugonga bampa, zakaribia kuwa sawa: digrii 43 na digrii 44. Lakini tazama tumbo. Wrangler yaweza kuvuka mgongo wa jiwe wenye pembe ya digrii 28 hivi. Pikapu, ingawa imeinuliwa zaidi, yaishia digrii 20. Na mkiani Wrangler ina digrii 37, pikapu digrii 26. Basi mtu akisimama mbele ya magari haya mawili hataona tofauti yoyote. Yote iko nyuma.

Wanafunzi wanaweza kuyaona haya shuleni bila motakaa. Chukueni mbao mbili, moja fupi na moja ndefu, mkaziwekee kila moja vipande vya matofali vya kimo kimoja chini ya ncha zake, viwe kama magurudumu. Kisha tafuteni jiwe la mviringo ambalo ubao mfupi waweza kulikalia bila kuligusa, na jaribuni ubao mrefu juu ya jiwe lile lile. Tumbo lake litakaa juu ya jiwe. Gari likifikwa na hayo twasema limepandia: magurudumu yazunguka bure, na uzito wote umelala juu ya chuma cha chini. Na huko chini ndiko kuliko sampu ya oili, gia boksi, bomba la eksozi na tangi. Tundu dogo katika sampu latosha kumaliza injini kabla dereva hajafika kijiji cha pili.

Jambo la kona ni gumu zaidi, nami nitakaa hapa kidogo. Mmepata kuwaona watu wawili wakibeba nguzo ndefu kuipitisha kwenye kona ya kichochoro? Wa mbele amekwisha kata kona, na wa nyuma anasukumwa ukutani. Gari nalo ni hivyo hivyo. Magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele. Siku zote huikata kona kwa ndani. Na mkato huo hauongezeki kwa kadiri ya urefu tu, bali karibu kwa kadiri ya mraba wa urefu. Tufanye hesabu: gurudumu la mbele likizunguka katika duara ambalo nusu kipenyo chake ni meta 8, gurudumu la nyuma la Wrangler litaingia ndani kwa sentimeta 39. La pikapu litaingia kwa sentimeta 80. Urefu haukufika hata mara moja na nusu, lakini mkato umekuwa mara mbili na zaidi. Wanaojua kanuni ya Pythagoras na waipige hesabu hiyo wenyewe.

Sentimeta 80 katika njia ya mlimani ni kitu kikubwa. Ikiwa kona yageukia upande wa mlima, ubavu wa pikapu utasagwa na jiwe lililo ndani ya kona. Ikiwa yageukia upande wa bonde, gurudumu la nyuma ndilo litakaloning'inia hewani, na dereva aliyekwisha kupita hana habari. Tena kuna hila nyingine: mkia uliotokeza nyuma ya ekseli huenda kinyume. Gari likikata kulia, pembe ya nyuma ya kushoto husogea kushoto kidogo. Madereva wengi hujua habari hii siku wasikiapo taa ya nyuma ikivunjika.

Basi dereva afanyeje? Kwanza ashuke. Aende kwa miguu mpaka mwisho wa mahali pabaya, na arudi. Asitazame mahali pa kupitisha magurudumu ya mbele tu. Achague kwanza mahali pa magurudumu ya nyuma, kisha ajiulize ya mbele yaende wapi ili ya nyuma yafike hapo. Kwa sababu hiyo mwenye gari refu huchelewa kukata usukani: hupeleka pua mpaka ukingo wa nje wa kona, ndipo akageuza. Na kama ukingo wa nje ni genge, na nafasi haitoshi, hakuna haya kuikata kona kwa vipande: mbele, nyuma, tena mbele. Pale Rubicon iko kilima chenye mawe na kona kali, kiitwacho Cadillac Hill, na kwa gari refu kurudi nyuma mahali kama pale ni desturi, si aibu.

Gari likirudishwa nyuma juu ya mteremko, utingo awe tayari na gogo la kuzuia gurudumu. Aliweke akiwa ubavuni, akiisha aondoke. Asisimame nyuma ya gari, wala upande wa chini wa mteremko, wala baina ya gari na jiwe, hata kwa nukta moja. Jiwe laweza kuteleza chini ya tairi, na gari la tani mbili halimngoji mtu ajiondoe.

Utingo ndiye macho ya dereva, na mahali pake ni mbele, kando kidogo, upande wa juu, ambapo dereva amwona na yeye aona magurudumu ya nyuma. Waafikiane ishara za mikono kabla ya kuanza: kushoto, kulia, njoo, simama. Mtu mmoja tu ndiye aongozaye. Katika vijiji vyetu gari likikwama watu kumi hupiga kelele pamoja, kila mmoja na shauri lake, na dereva huishia kumsikiliza mwenye sauti kubwa, ambaye si lazima awe mwenye akili kubwa. Dereva asipomwona kiongozi wake, na asimame papo hapo.

Katika kuendesha kwenyewe, kasi iwe ya mtu aendaye kwa miguu, au chini yake. Gari liwekwe katika gia nzito za magurudumu manne, ili injini ivute polepole na kulizuia gari mteremkoni pasipo kuchosha breki. Mwanagenzi hudhani jiwe kubwa yafaa lipitishwe katikati ya magurudumu. Mara nyingi hilo ni kosa, kwani katikati ndipo palipo na difu, nayo ni chini kuliko tumbo lote. Jiwe gumu lisilotikisika heri ulikanyage kwa tairi. Tairi likipanda juu, na tumbo hupanda. Mgongo wa jiwe ulio mpana, gari refu laweza kuuvuka kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, lisipandie katikati. Lakini mshazari huo huo hulilaza gari ubavu, kwa hiyo usifanywe penye mteremko wa pembeni. Shimo lijazwe mawe, na tukiisha kupita tuyaondoe, maana maji ya mvua yakikutana na boma la mawe hutafuta njia mpya na kuichimba barabara ya watu wote.

Pikapu zenye kifaa cha kufunga difu zasaidia sana gurudumu moja linapokuwa hewani, kwa kuwa magurudumu yote mawili ya ekseli hulazimishwa kuzunguka pamoja. Lakini ekseli iliyofungwa hupenda kwenda moja kwa moja. Basi difu ifunguliwe kabla ya kona, la sivyo gari litakataa kugeuka na kusukuma pua yake nje, mahali ambapo pengine hapana ardhi.

Tairi nazo hupunguzwa upepo, ili zishike mawe kwa upana na zisipasuke kwenye ncha kali. Gari lisilo na shehena, ambalo barabarani hutiwa ratili 35 kwa kila inchi ya mraba, wengi hulishusha hadi 20 au 18. Lenye shehena nzito lisishushwe hivyo, kwani tairi litajikunja na kubanwa baina ya jiwe na rimu.

Shehena yenyewe ina neno lake. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, magurudumu hurukaruka na kuteleza. Mzigo wa kiasi, uliofungwa chini, mbele ya ekseli ya nyuma, huituliza. Mzigo uliorundikwa juu huipindua. Milingoti inayotokeza nyuma ni kuuongeza mkia ambao tayari ni mrefu. Na watu waliokaa juu ya magunia washuke wote kabla ya mahali pabaya, wapite kwa miguu, wapande mbele ya safari. Abiria wengine hununa kwa kuwa wamelipa nauli. Na wanune! Dereva na afunge mkanda, na mikono ya waliomo isitoke dirishani. Gari likilala, mtu hutaka kulizuia kwa mkono.

Tusilitukane gari refu kupita kiasi. Penye mwinuko mkali sana gari fupi hunyanyua pua na kutisha kuanguka chali, lakini refu hupanda kwa utulivu, kwa maana uzito wake umetawanyika mbali. Hata juu ya mawe madogo madogo halirushi watu kama fupi. Na wako wenye pikapu, huko Marekani, waliokata kipande cha mwisho cha bodi ili kuupunguza mkia, na wengine hufunga vyuma vya kulinda pembe za nyuma na mabamba chini ya tumbo. Gladiator ya mawe hutoka kiwandani na vyuma hivyo chini ya bodi. Hapa kwetu fundi hodari wa kuchomelea aweza kuunda mfano wake. Aangalie tu gurudumu la akiba, ambalo katika pikapu nyingi hufungwa chini ya mkia: likigonga kila mara, afadhali lihamishiwe ndani ya bodi.

Hata hivyo ziko kona ambazo gari refu halizipiti, na dereva aliyezipima kwa miguu atajua kabla ya kuingia, wakati bado aweza kugeuza. Hapo shehena hushushwa, na mgonjwa huchukuliwa kwa machela mpaka upande wa pili, ambako gari fupi au pikipiki yaweza kuja kumpokea. Wakiisha kuvuka salama na kufika barabara nzuri, dereva aingie chini ya gari atazame kama oili yavuja, kama bomba la breki limekwaruzwa, kama springi imekatika; kisha azitie tairi upepo tena kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu tairi legevu likienda kasi hupata moto na kupasuka.