Nyufa Katika Nyumba Mpya

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa sakafu ya nyumba mpya hauponi kwa kupakwa saruji juu yake, kwani asili yake imo chini, mahali ambapo jicho halifiki tena.

Si jambo geni katika visiwa vyetu kumwona mwananchi aliyejinyima miaka mingi, akinunua saruji mfuko mmoja mmoja, hatimaye akahamia kwake kwa furaha. Na kabla ya masika ya kwanza kupita akaikuta sakafu imepasuka kutoka mlangoni hadi ukumbini. Wako wasemao kuwa ni kudra. Sisi twasema kudra isisingiziwe, maana sababu zake zinajulikana.

Ya kwanza ni kifusi. Udongo uliojazwa ndani ya msingi bila ya kushindiliwa tabaka kwa tabaka hutulia hadi upate maji. Hapo hutitia, na jamvi la zege lililo juu yake hukosa egemeo likavunjika. Penye ardhi ya mawe, upande mmoja wa nyumba huweza kukaa juu ya mwamba na wa pili juu ya kifusi. Pande hizo hazishuki pamoja.

Ya pili ni maji. Zege likizidishiwa maji ili limwagike kwa wepesi, hupungua nguvu na husinyaa likaukapo. Na likisha kumwagwa, jua letu hulikausha upesi, ilhali lahitaji kuwekwa majimaji kwa siku zisizopungua 7. Nguvu yake iliyokusudiwa hupimwa siku ya 28. Je, ni wangapi wanaosubiri?

Ya tatu ni mchanga wa pwani. Chumvi yake huzitia nondo kutu, na kutu huvimba ikalipasua zege kutoka ndani. Madhara haya huchelewa. Huja baada ya miaka, fundi amekwisha kulipwa na kusahauliwa.

Si kila ufa ni wa kutisha. Ulio mwembamba kama unywele mara nyingi ni msinyao tu. Lakini unaozidi kupanuka, au ambao upande wake mmoja umeshuka, huo ni onyo. Mwenye nyumba na atie alama kwenye ncha za ufa, aandike tarehe, kisha auangalie tena baada ya miezi michache.

Kwa wakuu wanaohusika na ujenzi tuna ombi moja: mkaguzi na afike kabla zege halijamwagwa, wala si siku ya kukabidhi funguo. Kifusi kikisha kufunikwa, hapana mkaguzi awezaye kukiona. Nao wananchi wasimharakishe fundi. Siku 7 za kumwagilia maji ni gharama ndogo mno kwa nyumba inayotarajiwa kurithiwa na wajukuu.