Yai la Pasaka: Ganda Linalovunjwa kutoka Ndani

Je, wajua kwamba kifaranga huanza kulia kabla ganda la yai halijapata hata ufa? Karibu siku ya 20 ya kuatamiwa, hutoboa utando wa ndani, akaingiza mdomo kwenye nafasi ndogo ya hewa iliyo upande butu wa yai, akavuta pumzi ya kwanza. Ukilisogeza yai sikioni wakati huo, utamsikia. Kisha, kwa kinundu kigumu kilichoota kwenye ncha ya mdomo wake, huanza kugonga. Hugonga, hupumzika, hugonga tena, nusu siku au zaidi. Siku chache baadaye kinundu chenyewe huanguka, maana hakina kazi tena.

Kila mfugaji wa zamani alilijua hilo. Kitu kigumu kama jiwe, kimya, kimefungwa pande zote, halafu uhai unakivunja kutoka ndani. Kwa mtu aliyefundishwa habari za kaburi lililokutwa wazi alfajiri ya Jumapili, yai lilikuwa mahubiri tosha.

Lakini si imani peke yake iliyolipeleka yai kwenye meza ya Pasaka. Jiko nalo lilichangia. Ulaya ya kale, Kwaresima ilikataza nyama, maziwa na mayai. Kuku yeye hajui Kwaresima. Tena majira ya kuchipua ndipo anapotaga zaidi, kwa sababu mchana unarefuka na mwanga ndio unaouamsha mwili wake kutaga. Basi mfungo ulipoisha, mayai yalikuwa yamejaa vikapuni. Mwaka 1290, hesabu za nyumba ya Mfalme Edward I wa Uingereza zilionyesha peni 18 zilizonunua mayai 450 ya kupakwa rangi na dhahabu. Ethiopia desturi ya mfungo huo ingali hai. Waumini wa Kanisa la Othodoksi hufunga siku 55 bila kugusa yai, na sikukuu ikifika hula doro wat, mchuzi mzito wa kuku wenye mayai mazima ya kuchemsha ndani yake.

Sungura na chokoleti ni wageni wa baadaye. Sungura anayeleta mayai alitajwa na tabibu Mjerumani, Georg Franck von Franckenau, mwaka 1682. Yai la chokoleti la kampuni ya Fry lilitoka Bristol mwaka 1873. Watoto wanayapenda, na wayapende. Mimi moyo wangu uko Ukraine.

Huko kuna mayai ya aina mbili. Krashanka huchemshwa, hutiwa rangi moja na huliwa. Pysanka hailiwi. Jina lake latokana na neno la Kiukraine lenye maana ya kuandika, na kweli huandikwa, kwa nta ya nyuki, juu ya yai bichi. Kalamu yake ni kijiti kilichofungwa kimrija cha shaba. Mwandishi hukipasha moto kwenye mshumaa, hukichotea nta, kisha huligeuza yai polepole huku mstari ukijichora. Mistari ya kwanza hulinda weupe wa ganda. Yai huingia kwenye rangi ya njano, likatoka, likaandikwa tena pale panapotakiwa kubaki njano. Halafu nyekundu. Halafu nyeusi. Kila hatua huficha kitu, na mwisho mkononi unabaki na donge jeusi lenye makovu ya nta, lisilo na uzuri wowote.

Ganda ni kalsiamu kabonati, kemikali ile ile inayojenga matumbawe ya bahari yetu. Siki kidogo ikitiwa kwenye rangi hulila ganda kwa juu, vipovu vikatokea, na rangi ikashika vizuri zaidi. Zamani rangi zenyewe zilitoka shambani na porini: maganda ya vitunguu yaliyochemshwa, magome, matunda ya mwituni.

Kisha yai husogezwa ubavuni mwa mwali, si juu yake, lisije likashika masizi. Nta hung'aa, hulainika, na kitambaa hupita. Mpito mmoja, nyota nyeupe inatokea. Mwingine, ngano za njano, paa mwekundu, mstari usio na mwanzo wala mwisho ulioizunguka dunia hiyo ndogo. Yote yalikuwamo tangu mwanzo, chini ya weusi. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi wa binadamu, ikiwataja Ukraine na Estonia pamoja.

Na yai bichi halivundi? Likitunzwa mahali pakavu penye hewa, ganda lisipate ufa, kwa kawaida halivundi. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, vile vile ambavyo kifaranga angevutia pumzi. Maji ya ute hutoka humo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Shika pysanka iliyorithiwa kwa bibi, itikise taratibu karibu na sikio: ni nyepesi kama karatasi, na ndani kiini kilichokauka kinagonga.