Akiba ya hasara ya mikopo

Akiba ya hasara ya mikopo ni kiasi ambacho benki hukata katika mapato yake kwa ajili ya mikopo inayotarajiwa kutolipwa. Isichanganywe na mtaji, yaani fedha za wenye hisa, ambao hubeba hasara isiyotarajiwa. Akiba hii si noti zilizofungiwa sandukuni. Ni hesabu ya vitabuni inayopunguza faida na thamani ya mikopo.

Tuchukue benki iliyokopesha shilingi milioni 100: milioni 88 ni amana za wateja na milioni 12 ni mtaji. Mikopo ya milioni 15 ikipotea, mtaji wote umekwisha na milioni 3 za wateja zimeguswa. Hasara hiyo isipoandikwa, vitabu vitaendelea kuonyesha mtaji ambao haupo, na wenye hisa wataweza hata kupewa gawio.

Mapatano ya Basel yanataka mtaji usiopungua asilimia 8 ya mali zilizopimwa kwa kiwango cha hatari. Nchi nyingi zinazoendelea hudai zaidi. Kenya, kwa mfano, inataka asilimia 14.5, na hilo si ukali wa bure: ukame huwaangusha wakulima, serikali huchelewa kuwalipa wakandarasi, na kuuza dhamana kupitia mahakama huweza kuchukua miaka.

Benki Kuu ya Kenya pia hupanga mikopo kwa siku za kuchelewa. Mkopo wa kawaida hutengewa asilimia 1, na uliochelewa hadi siku 90 asilimia 3. Ukipita siku 90 huwa mkopo chechefu na hutengewa asilimia 20. Ukipita 180, wote. Tangu mwaka 2018 kanuni ya kimataifa ya hesabu IFRS 9 inataka hasara ikadiriwe kabla mkopaji hajachelewa.

Ubovu wa utaratibu huu ni kwamba benki ndiyo inayojipima kwanza. Inaweza kumpa mdaiwa mkopo mpya ili alipe ule wa zamani, na siku zikaanza kuhesabiwa upya. Kuhesabu siku hakusaidii pia iwapo mkopo haukuandikwa ulivyo. Aprili 2016 Chase Bank ya Kenya ilitoa hesabu zilizorekebishwa, zikionyesha mikopo kwa watu wake wa ndani kuwa mikubwa kuliko ilivyotangazwa awali. Wateja walikimbilia kutoa fedha, na tarehe 7 Aprili benki ikawekwa chini ya mfilisi wa muda. Mwaka 2018 SBM Bank ilichukua sehemu ya mali na amana zake, si zote.