Kusakinisha Swichibodi

Wafasiri wa miongozo ya simu za ofisi hukutana siku hizi na swichibodi isiyo na mhudumu wala nyaya za kuchomeka. Ni programu huria, ikaayo ndani ya seva yenye mfumo wa jamii ya Unix, kama vile Linux. Mojawapo ni Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999. Jina lake ni ile alama ambayo kila atumaye fedha kwa simu huiita nyota.

Neno kusakinisha limekwisha kuzoeleka, nasi hatulipingi. Lakini mwongozo huamuru kazi tatu: kuikagua mashine, kuiunda programu kutokana na msimbo wake, kisha kuyaweka mafaili mahali pake. Ya tatu tu ndiyo kusakinisha. Fundi aliyeandikiwa "sakinisha" mara tatu hatajua amekwama wapi.

Hata hapo simu hazilii mpaka namba za ofisini ziandikwe, na hapa pana hatari zaidi, kwani neno la Kiingereza la namba hizo ndilo tulilolifasiri kuwa ugani katika kilimo. Tuchukue ofisi ya wilaya chini ya Mlima Meru: mkulima wa kahawa akiambiwa na sauti iliyorekodiwa "chagua ugani", atamsubiri bwana shamba mpaka simu ikatike. Twapendekeza namba ya ndani. Namba ya meza haitoshi, maana katika Asterisk namba hiyo yaweza kuita sauti iliyorekodiwa, pasipo meza wala mtu.